Nilitoa simu ya zamani, nikatoa na daftari langu la madeni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Barua yangu ni ndefu, unisamehe, ila jambo lenyewe limenikosesha usingizi na mzigo, na kila baada ya wiki mbili tatu namwona mwenzangu mwingine hapa Mwaloni akilielekea. Nazungumzia kuhama aina ya simu, kutoka Android kwenda iPhone, kwa mtu ambaye simu ndiyo duka lake.

Nauza dagaa Kirumba Mwaloni, huu mwaka wa kumi na sita. Nanunua visiwani, zaidi Ukara, naleta Mwanza, natenga madaraja, nauza kwa magunia. Wateja wangu wako Dar es Salaam, Mbeya, Tunduma, na wengine ni wale wanaovusha kwenda Kongo. Wengi wao sijawahi kuonana nao. Tumejuana kwa sauti, kwa picha, na kwa ujumbe wa muamala ukiingia.

Ngoja nieleze mzigo mmoja unavyokwenda, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika na sisi tunakaa mikono mitupu. Mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa wanaanikwa, na jua likiwa zuri jioni wamekauka. Wakala wangu ananitumia picha, ananipigia, tunakubaliana bei, natuma fedha papo hapo. Mvuvi hasubiri: ana mafuta ya kununua na vijana wa kulipa usiku uleule. Mzigo ukifika Mwaloni, kazi ya kupiga picha inakuwa yangu. Mteja wa Tunduma hataki picha ya gunia lililoshonwa. Anataka nichote kiganjani, nigeuzie kwenye jua, aone tumbo. Dagaa aliyekaukia kwenye chanja kwa siku moja anang'aa kama bati jipya, tumbo zima, mkia mzima. Aliyenyeshewa akaanikwa mara ya pili ana rangi ya chai ya maziwa ubavuni, na ukimkunja anakatika. Mteja akiiona rangi ile anashusha bei bila hata kuuliza.

Simu yangu ya zamani, Android ya kawaida niliyoinunua kwa shilingi 420,000, ilikuwa na kasoro moja: kwenye jua kali iliwapausha dagaa wote, wazuri na wabaya, wakawa weupe kama chaki. Binti yangu anauza nguo pale Makoroboi na ana iPhone 13. Siku moja alikuja Mwaloni akapiga picha kiganja changu kwa simu yake. Nilishangaa. Kila dagaa alionekana peke yake, mgongo wa kijani kwa mbali, ubavu wa fedha, hadi chembe ya chumvi ya jasho kwenye kidole changu. Nikaituma ile picha Tunduma, na mteja akachukua mzigo kwa bei niliyotaja mwanzo. Kwa hiyo asije mtu akasema nilihama kwa kutaka sifa. Nilikuwa na sababu, na hadi leo naamini ilikuwa sababu ya kweli.

Yapo na maneno ya watu pia, siwezi kuyaficha. Mpwa wangu aliniambia, "Shangazi, unauza mizigo ya mamilioni halafu simu yako inaonekana ya mwanafunzi." Na kweli wapo wateja wanaopima mtu kwa anachoshika mkononi. Sidharau hilo. Anayenitumia mamilioni bila kuniona anatafuta kila dalili ya kumtuliza moyo.

Basi Machi nikaenda kwenye duka moja mjini, jina lake nitaliacha. Makubaliano yalikuwa nitoe simu yangu ya zamani na kuongeza shilingi 950,000, nichukue iPhone 14 iliyotumika, imetoka Marekani. Kijana wa dukani alikuwa mpole na mwepesi. Aliikagua simu mpya mbele yangu, akanionyesha afya ya betri asilimia 81, akahakikisha akaunti ya mwenye nayo wa kwanza imeondolewa. Hilo la akaunti ni jambo la maana sana, na alilifanya vizuri: iPhone ya mtumba ikija na akaunti ya mtu mwingine ndani ni kipande cha kioo tu, haifunguki, na Android nazo zina kufuli ya namna hiyo kwenye akaunti ya Google. Halafu akachukua simu yangu ya zamani, akaifuta yote. "Ni kwa usalama wako, mama," akasema. Nikamshukuru.

Nilipotaka kuhamisha laini zangu mbili nikaigeuza ile simu huku na huku natafuta tundu. Halipo. Kijana akasema, "Hii ni ya Marekani, mama, inatumia eSIM." Alisema kama mtu anayetaja rangi ya simu.

Nimejifunza baadaye, na ndiyo maana nayaandika hapa. Tangu iPhone 14 ilipotoka mwaka 2022, zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina kabisa sehemu ya kuweka laini. iPhone 14 hiyo hiyo iliyotengenezwa kwa nchi nyingine nyingi ina tundu moja, na laini ya pili inakuwa eSIM. Zenye kubeba laini mbili za kushikika ni zile za China bara, Hong Kong na Macau. Na mwelekeo ni huo: iPhone Air ya mwaka 2025 haina tundu popote inapouzwa duniani. Simu tatu zinazofanana kwa jina na kwa sura, juu ya meza moja ya kioo, na kwa mfanyabiashara wa Kitanzania ni vitu vitatu tofauti. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikujua kuwa ni swali la kuuliza. Tangu nishike simu ya kwanza sijawahi kuona simu isiyo na pa kuweka laini.

eSIM yenyewe si kitu kibaya. Ni laini isiyoshikika, inaingizwa ndani ya simu kwa kupiga picha mchoro wa mraba, na mitandao ya hapa inayo. Laini yangu ya kwanza, yenye M-Pesa na WhatsApp, niliibadilisha siku hiyo hiyo baada ya foleni na alama ya kidole. Laini ya pili ndiyo ninayoitumia na watu wa visiwani. Wakati ule wa kusajili upya kwa alama za vidole, mwaka 2020, namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka, kwa hiyo ilisajiliwa kwa kidole cha mume wangu. Yeye yuko kazini Sengerema. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, kivuko hatukisubiri tena, lakini bado mtu aliacha kazi yake siku nzima kuja Mwanza kuweka kidole gumba kwenye mashine. Siku mbili wakala wangu wa Ukara alikuwa ananipigia hanipati.

Hayo niliyavumilia. Lililonikata maini lilikuwa WhatsApp.

Usiku wa kwanza, nyumbani Kitangiri, nikaifungua. Namba ikakubali, jina likakubali, makundi yangu yakaonekana. Mazungumzo hakuna. Ukurasa mweupe. Nikamwamsha binti yangu. Akaangalia, akanyamaza, kisha akauliza, "Mama, simu ya zamani iko wapi?"

Bakapu, yaani nakala ya akiba, ya WhatsApp ya Android inakwenda kwenye akaunti ya Google. iPhone inarudisha bakapu iliyoko iCloud tu, ghala la mtandaoni la Apple. Bakapu yangu ya miaka minne ilikuwepo, salama kabisa kwenye Google, na simu niliyoishika haikuwa na namna ya kuisoma. Njia ya kuhamisha ipo, na haina gharama. Kuna programu ya Apple inaitwa Move to iOS, ambayo tangu mwaka 2022 inahamisha na WhatsApp: unaiweka kwenye simu ya Android, unaziweka simu zote mbili kwenye chaji na kwenye waifai moja, iPhone ikiwa mpya au imefutwa ili ianze upya, na WhatsApp inahama na ujumbe wake, picha zake na sauti zake. Ila ni lazima simu ya zamani iwe hai mkononi mwako. Yangu ilishafutwa mbele ya macho yangu, nikashukuru.

Msomaji anaweza kuona ni ujumbe tu. Mhariri, madeni yangu yote yamo mle. Kwenye biashara yetu mzigo unatoka kwa maneno: "Dada, nipakie, ishirini na mbili, nalipa nane sasa, zilizobaki nikishauza." Anasema kwa sauti, maana yuko kwenye gari au sokoni, hana muda wa kuandika. Nilikuwa na mteja wa Mbeya aliyechukua magunia 22 akalipa 8. Nilipompigia wiki ile kukumbushia 14, akasema kwa upole kabisa, "Dada yangu, mimi nakumbuka ni kumi na moja." Simtuhumu. Anachukua mizigo kwa watu wengi, na binadamu husahau. Lakini magunia matatu si kitu cha kusahauliana, na sikuwa na cha kumsikilizisha.

Hapa niseme jambo ambalo nimelifikiria sana usiku. Hii haikuwa mara yangu ya kwanza kuhama. Mwaka 2012 nilikuwa na BlackBerry, enzi za kupeana PIN ili kuchati, na mwaka 2014 nikaiacha nikachukua Android kwa sababu wateja wote walikuwa wamehamia WhatsApp. Nilihama mchana, jioni nikaendelea na kazi. Sikuumia popote. Baadaye WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye BlackBerry za zamani, mwisho wa mwaka 2017, na Januari 2022 kampuni yenyewe ikazima huduma za simu zile, nami nilisikia kama habari za watu wengine. Tofauti ni nini? Mwaka 2014 simu ilikuwa ya kupigia na kutumia fedha. Madeni yalikuwa kwenye kauntabuku lenye jalada jekundu, bei zilikuwa kichwani, hati za mzigo nilikuwa naandika kwa mkono na karatasi ya kaboni. Kidogo kidogo, bila siku hata moja ya kukaa nikaamua, vyote vikaingia kwenye simu. Kauntabuku la mwisho nililiacha kurasa 31 tu zimeandikwa. Kwa hiyo nilipokwenda dukani Machi nilidhani nabadilisha simu kama mwaka 2014, na kumbe nilikuwa nahamisha ofisi.

Printa pia ilikataa. Ninayo ndogo ya Bluetooth, ile ya karatasi ya milimita 58, inanitolea hati ya kumpa dereva: idadi ya magunia, daraja, namba ya gari. Kwenye Android iliunganika siku ya kwanza. iPhone haikuiona kabisa. Fundi alinieleza kwamba printa nyingi za bei nafuu zinatumia Bluetooth ya namna ya zamani, na iPhone haizipokei hizo mpaka kifaa kiwe kimeidhinishwa na Apple au kitumie Bluetooth ya aina mpya. Zipo zinazokubali, bei yake juu. Na ile programu ndogo ya stoo niliyokuwa naitumia haikutengenezwa kwa iPhone. Madereva wakarudi kwenye karatasi ya kaboni.

Nikasema nitazoea. Wiki ya tatu nikaenda Ukara mwenyewe, kwa sababu giza lilikuwa zuri na wakala alisema dagaa ni wengi. Nilikuwa na fedha kwenye M-Pesa za magunia 30.

Tulikaa Bwisya hadi jioni tunapima na kubishana bei. Mchana kutwa nimepiga picha, nimeongea, nimetafuta mtandao, na betri ile ya mAh 3,279, ambayo asilimia 81 tu ndiyo ilikuwa hai, ikaisha saa moja usiku. Simu yangu ya zamani ilikuwa na betri ya mAh 5,000, ilikuwa inalala na mimi hadi kesho. Si neno, nikasema, tutachaji. Kuna kibanda kinachajisha kwa sola, waya zimening'inia kama kamba za nyavu. Taipu C zilikuwa nane. Pini ndogo za zamani zilikuwepo. Waya wa iPhone haukuwepo hata mmoja. iPhone zilianza kutumia taipu C kuanzia namba 15, mwaka 2023. Yangu ya 14 ina mdomo wake peke yake, na waya wangu niliusahau kitandani Kitangiri.

Enzi ya simu ya zamani hilo halikuwa tatizo hata kidogo. Kwenye pochi yangu nilikuwa natembea na lile ganda la plastiki la laini. Simu ikizima kisiwani, navua hereni, nasukuma kijiti chake kwenye kitundu cha pembeni, laini inatoka, naivalisha ganda, naiweka kwenye kitochi cha mtu yeyote, nabonyeza *150*00#, natuma fedha, namrudishia simu yake na shukrani. Nimefanya hivyo Ukara, nimefanya Ilugwa, mara moja nimefanya ndani ya boti. Usiku ule niliikamata hereni yangu kwa vidole viwili kwa mazoea, na hapakuwa na mahali pa kuichomeka. Fedha ilikuwa yangu, jina langu, namba ya siri naijua, na imefungiwa ndani ya kioo cheusi.

Mwenye mzigo alinisubiri hadi saa nne usiku. Ni mzee ninayemfahamu, aliniambia, "Mama, ningekuwa mimi peke yangu ningekupa, lakini hawa vijana wanataka chao." Asubuhi mnunuzi wa Musoma akalipa, magunia yote 30 yakaondoka. Wala sikumlaumu yule mzee.

Siku ya kumi na tisa nikaamua. iPhone nikampa binti yangu kwa shilingi 900,000 alizonilipa kwa mafungu, naye akauza ile 13 yake. Kabla ya kumkabidhi nilikaa jioni moja nikanakili kwa mkono mazungumzo yote ya siku zile 19 kwenye kauntabuku lile lile jekundu, kuanzia ukurasa wa 32. Laini nikazirudisha kuwa za kushikika, mume wangu akavuka daraja mara ya pili. Nikanunua Android nyingine, yenye tundu mbili na kamera nzuri kuliko ya mwanzo, kwa shilingi 640,000.

Nikaingiza akaunti ile ile ya Google na namba ile ile. WhatsApp ikauliza kama nataka kurudisha bakapu ya tarehe fulani, saa nane usiku, usiku wa kuamkia siku niliyokwenda dukani. Nilibonyeza nikaweka simu juu ya meza nikatoka nje, sikuweza kuangalia. Niliporudi ilikuwa imefika. Nikatafuta jina la mteja wa Mbeya, nikapanda juu, juu, nikaipata ile sauti, sekunde kumi na moja. Kuna kelele za gari nyuma, halafu yeye: "...kumi na nne zilizobaki, dada, usiwe na wasiwasi." Nilimtumia bila neno lolote la kuongeza. Alinipigia mwenyewe ndani ya dakika tano, akaomba radhi, akalipa kwa awamu mbili. Tunaendelea kufanya kazi.

Naomba nisieleweke kwamba nasema iPhone haifai kwa biashara. Binti yangu biashara yake ni picha. Wateja wake wako Instagram, mzigo wake uko Makoroboi hauvuki maji, umeme anao, laini moja inamtosha, na kila gauni anapolipiga picha kwa simu ile linauzika. Kwake yeye kurudi Android ingekuwa hasara. Lipo na la muda wa matumizi: iPhone XR iliyotoka mwaka 2018 iliendelea kupokea mfumo mpya hadi ule wa 2024, na Android nyingi za bei ya sisi wa kawaida hazifiki hata nusu ya hapo, ingawa Google kuanzia Pixel 8 na Samsung kuanzia Galaxy S24 wameahidi miaka saba kwa simu zao za bei ya juu. Anayetumia programu za benki aliangalie hilo kwa makini, maana simu iliyoachwa nyuma siku moja programu itamkatalia. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa na iPhone yenye tundu la laini, nimehamisha mazungumzo kwa njia sahihi, na nimenunua printa inayokubali, huenda leo ningekuwa naandika barua nyingine. Ukara bado pangenisumbua.

Ninachokidai ni kwamba watu waambiwe. Mhariri, waandishi wako wa habari za teknolojia wanatueleza kamera ina nguvu kiasi gani na kioo kina inchi ngapi, na tunawashukuru. Waandike pia habari ya kuhama. Waeleze eSIM kwa mtu wa Mwaloni na wa Kariakoo, waeleze bakapu inakaa wapi na inasomwa na nani, na kwamba WhatsApp inaweza kuifuta bakapu ya Google isiyoguswa zaidi ya miezi mitano, kwa hiyo aliyepoteza asingoje. Waeleze kuwa nafasi ya bure ya Google ni gigabaiti 15 na ya iCloud ni 5, maana mwenye picha za mizigo ya miaka minne atashangaa kwa nini inajaa. Mwaka 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia mwezi Juni, magazeti na redio zilitufundisha wote, hadi bibi zetu, kubonyeza *#06# na kukagua namba ya utambulisho wa simu, IMEI, kabla ya kununua. Tulijua kwa sababu tulifundishwa.

Na wauza simu, vijana wetu, nawaomba kwa heshima. Simu isiyo na tundu la laini iandikwe hivyo kwenye bei yake, kwa Kiswahili, mteja aisome kabla hajafungua pochi. Na simu ya mteja isifutwe kaunta kabla hajaulizwa maswali mawili: laini zako zimesajiliwa kwa jina la nani, na mazungumzo yako ya WhatsApp yameshahama? Kijana aliyenihudumia hakuwa na nia mbaya. Hakufundishwa kwamba mama anayekuja na simu ya shilingi laki nne anaweza kuwa amebeba mle ndani madeni ya milioni kumi na saba.

Jumamosi hii mwenzangu tunayepakana meza anakwenda kununua iPhone. Amechagua 13, yenye tundu moja, ameikagua mwenyewe. Nimemshauri asitoe simu yake ya zamani dukani, aongeze fedha kidogo aje nazo zote mbili nyumbani kwangu. Waifai ya binti yangu ipo, soketi mbili zipo karibu na kochi, na tumekubaliana hatuiachii ile ya zamani mpaka afungue mazungumzo ya mteja wake wa Kigoma tuisikie sauti ikicheza kwenye mpya.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Kirumba Mwaloni, Mwanza